Tusaini au tusisaini? Jibu kwa mwalimu wa ukunga mwenye barua tatu mezani

Mwalimu wa chuo kimoja cha uuguzi na ukunga ameuliza hivi:

"Mwaka huu tumeletewa maombi matatu kwa mpigo. Chuo kikuu cha nje kinataka kuleta wanafunzi wake kila mwaka wakae wodini kwetu wiki sita, na kuwachukua wawili wa kwetu. Kampuni ya vifaa tiba inataka kutujengea maabara ya ujuzi yenye midoli ya kisasa. Kampuni ya maziwa ya watoto inataka kudhamini semina ya lishe kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Mkuu wa chuo anaona yote ni baraka na anataka tusaini. Mimi moyo haujatulia, lakini nikiulizwa sababu nashindwa kuieleza. Nimwambie nini?"

Mwalimu, salaam.

Moyo wako haujakudanganya, na mkuu wako naye hajakosea kufurahi. Tume ya kimataifa ya elimu ya wataalamu wa afya, iliyoongozwa na Julio Frenk na Lincoln Chen na kuchapisha ripoti yake kwenye jarida la Lancet mwaka 2010, ilikadiria kwamba dunia inatumia chini ya asilimia 2 ya fedha zake za afya kuwasomesha watu wanaoitoa huduma hiyo. Vyuo vingi vinaishi kwa kuungaunga. Anayeendesha chuo kwa bajeti ya namna hiyo akiletewa maabara na wageni wenye uwezo, lazima aone mlango umefunguka. Kwa hiyo usiende kwake na wasiwasi mtupu. Nenda na majibu matatu tofauti, maana barua hizi tatu hazifanani. Ya maziwa ikataliwe. Ya chuo kikuu isainiwe ikishaandikwa upya. Ya maabara ijadiliwe, na lipo sharti moja ambalo kampuni ikilikataa, nanyi kataeni.

Naanza na maziwa kwa sababu hapo hakuna cha kupima. Mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha Kanuni ya Kimataifa ya kudhibiti uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama. Kanuni hiyo inakataza watengenezaji na wasambazaji kuwapa wahudumu wa afya fedha au vitu vya kuwashawishi wakuze bidhaa zao. Mwaka 2016 mkutano huohuo, kwa azimio namba 69.9, ulipokea mwongozo wa WHO uliokaza zaidi: kampuni zinazouza vyakula vya watoto wachanga na wadogo zisidhamini mikutano ya wataalamu wa afya, zisiwape wahudumu zawadi, zisigawe vifaa kwenye vituo vya afya. Nchi nyingi zimeiingiza Kanuni hiyo kwenye sheria zao, nyingine kikamilifu, nyingine nusunusu, hivyo mwombe mwanasheria wa chuo akutafutie kifungu kinachowahusu. Hata sheria yenu ikiwa kimya, jibu langu ni lilelile.

Mfikirie mwanafunzi wako mwaka mmoja baada ya kuhitimu, zamu ya usiku, wodi ya wazazi. Kuna mama wa uzazi wa kwanza, siku ya pili tangu ajifungue. Chuchu zimechubuka, maziwa bado hayajajaa, mtoto analia tangu saa nne. Kinachotakiwa ni mtu wa kuvuta kiti, akae, amgeuze mtoto tumbo lake likabili la mama, atazame kama mdomo umepanuka na kuchukua sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu na si ncha tu, kisha asubiri. Ni kazi ya nusu saa, na hakuna wa kuipigia makofi. Kama somo la lishe alilifundishwa na muuzaji, jibu la kwanza litakalomjia ni kopo, na atalitoa kwa nia njema kabisa. Semina hiyo ifanyeni wenyewe: mtaalamu wa lishe wa hospitali, mkunga mzoefu wa kusaidia kunyonyesha, na nusu siku ya kukaa na akina mama wodini. Haihitaji mdhamini.

Mkuu wako anaweza kusema kwamba semina moja haimbadilishi mtu. Yapo maandishi ya kumjibu. Mwaka 2013 jarida la BMJ lilichapisha utafiti juu ya madaktari waliosoma kwenye vyuo 14 vya Marekani ambavyo, kufikia mwaka 2004, vilikuwa na sera ya kuwazuia wanafunzi kupokea zawadi za kampuni za dawa. Watafiti waliangalia jinsi madaktari hao walivyoandika dawa tatu mpya za magonjwa ya akili, wakiwalinganisha na waliohitimu vyuo hivyohivyo kabla ya sera kuanza. Kwa dawa mbili kati ya tatu, waliosoma chini ya sera waliziandika mara chache zaidi, na tofauti ilikuwa kubwa. Watu hao walikuwa wameshamaliza shule, wana leseni zao, wanajiamulia wenyewe. Mazingira waliyosomea yalikuwa bado yanaongoza kalamu.

Wanafunzi nao huona mapema kuliko tunavyodhani. Mwaka 2009 habari ilienea kutoka chuo cha udaktari cha Harvard: mwanafunzi mmoja alihisi kwamba mhadhiri wa famakolojia anazisifu mno dawa za kupunguza lehemu na kumpuuza aliyeuliza kuhusu madhara yake. Alipochunguza akakuta mhadhiri huyo ni mshauri wa kulipwa wa kampuni kumi, tano kati yake zikitengeneza dawa hizohizo. Wanafunzi wakadai waelezwe nani analipwa na nani. Kabla ya hapo jumuiya ya wanafunzi wa udaktari ya Marekani, AMSA, ilikuwa imeshakipa chuo hicho alama ya chini kabisa, F, kwenye orodha yake ya kupima sera za mgongano wa maslahi. Mwaka 2010 chuo kikakaza kanuni zake. Nakuambia haya ili ujue kwamba ukisimama kwenye kikao, walio upande wako huenda ni wengi kuliko wanaoonekana.

Barua mbili zilizobaki zina heri ndani yake, na hapo ndipo panapotakiwa hesabu. Ulisema unashindwa kueleza kinachokusumbua. Mimi nadhani ni hiki: zote mbili zinatumia kitu ambacho hazikukitaja, nacho ni saa za msimamizi wa wodini. Katika elimu ya afya majengo huongezeka, vitabu huongezeka, siku hizi hata mihadhara ipo mtandaoni kwa wingi. Mkunga mzoefu anayesimama nyuma ya mwanafunzi huku mikono ya mwanafunzi ikiwa juu ya msamba wa mama, tayari kuingilia kati, huyo haongezeki kwa kusaini hati. Ukiisoma kila barua ukiuliza "hapa saa za nani zinatumika, na nani anazilipa?", wasiwasi wako utapata maneno.

Tuiangalie leba yenu asubuhi moja baada ya wageni kufika. Mkunga kiongozi ana akina mama wake, ana wanafunzi wenu wa mwaka wa tatu, na sasa ana wageni wawili wenye madaftari mapya. Wageni hawaijui lugha ya wagonjwa, kwa hiyo kila anachosema mama anakitafsiri, na kila wanachouliza wageni anakitafsiri pia. Wana adabu, wana hamu ya kujua, wanauliza maswali mazuri. Mkunga anawajibu mmoja mmoja kwa sababu ni wageni na kwa sababu amelelewa kumheshimu mgeni. Mwanafunzi wenu amesimama hatua mbili nyuma, kitabu chake cha kusainiwa mazoezi kiko mfukoni. Njia ikifunguka, mkunga anamsogeza mbele mgeni, kwa ukarimu uleule. Hakuna aliyefanya ubaya. Ila mtoto huzaliwa mara moja tu, na mikono inayompokea ni ya mwanafunzi mmoja.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui wanapokaribisha wanafunzi wa ukunga kutoka Ulaya. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya namba 2005/36 yanamtaka mwanafunzi wa ukunga azalishe akina mama wasiopungua 40 kabla ya kuhitimu, idadi inayoweza kushuka hadi 30 pale akina mama wanapokuwa wachache, ilimradi ashiriki kuwasaidia wengine 20. Mwanafunzi anayetoka mahali penye uzazi mdogo ana deni la kulipa, na leba yenu yenye shughuli nyingi ni mahali pazuri pa kulilipia. Simlaumu. Lakini lazima muulize kwa maandishi: je, uzazi atakaousimamia kwetu utahesabiwa kwenye idadi yake? Kama ndiyo, basi chuo chao kinapata kutoka kwenu kitu chenye thamani kubwa, na mazungumzo ya malipo yaanzie hapo.

Wala hamtakuwa mnaomba upendeleo. Mwaka huohuo wa 2010, kikundi cha wataalamu kilichojiita WEIGHT kilichapisha kwenye jarida la Marekani la tiba ya nchi za joto miongozo ya maadili ya mafunzo ya afya ya kimataifa. Miongozo hiyo inataka gharama za mwenyeji zitambuliwe na zifidiwe, usimamizi uelezwe wazi, na mahitaji ya mwenyeji yapewe uzito sawa na ya mgeni. Chuo kikuu makini kinaifahamu. Ukiitaja kwenye barua yako watajua wanazungumza na mtu aliyejiandaa.

Kwa hiyo hati iandikwe upya, na ningetaka iseme haya. Idadi ya wageni kwa zamu ipangwe na mkunga kiongozi wa leba, isipangwe na ofisi za vyuo viwili. Wanafunzi wenu ndio wa kwanza kushika uzazi hadi vitabu vyao vijae, na wageni wapate unaobaki. Mgeni afanye yale tu ambayo kiwango chake cha masomo kingemruhusu kufanya kwao. Kama kwao hashoni msamba, asije kujifunzia kwa mama wa kwenu kwa sababu tu hakuna wa kumkataza. Mama aulizwe kabla, kwa lugha yake, na akikataa asiombwe mara ya pili. Picha za wagonjwa zisipigwe kabisa, na wageni wasaini hilo kabla ya kuingia wodini.

Kifungu cha sindano nakiombea umakini wa pekee, kwa sababu ndicho watu hukiruka. Mwanafunzi akijichoma sindano iliyotumika saa nane usiku, nani anapigiwa simu? Dawa kinga ya VVU inatakiwa kuanza haraka iwezekanavyo, isipite saa 72, na huendelea kwa siku 28. Dawa zitatoka kwenye akiba ya nani? Akirudi kwao siku ya kumi, nani anamfuatilia? Je, alichanjwa homa ya ini aina ya B kabla ya kuja, na wanafunzi wenu je? Napendekeza kifungu hiki kiwahusu wote, wageni na wenyeji, na chuo kikuu kigharamie chanjo kwa pande zote mbili. Nimekaa kwenye vikao vya namna hii upande wa wenyeji na upande wa wageni, na mara nyingi nimekuta mwanafunzi mgeni ana bima nzito ilhali mwenyeji anayefanya naye zamu ileile hana hata chanjo kamili. Inaniuma kila ninapoiona, maana sindano haichagui.

Sasa wawili wenu watakaokwenda kwao. Muulize mwenzako wa kule swali moja: watagusa nini? Katika nchi nyingi, kanuni za leseni na bima humfanya mwanafunzi mgeni awe mtazamaji. Atasimama karibu na ukuta, ataona mashine nzuri, atarudi na picha na hamu ya kuondoka tena. Wageni wakija kwenu wanaingiza mikono, wenu wakienda kwao wanatazama. Hapo mabadilishano hayapo, hata kama tiketi zililipwa. Kwa wanafunzi wa udaktari, shirikisho lao la kimataifa, IFMSA, lililoanzishwa mwaka 1951, huendesha mabadilishano yake kwa mikataba ya pande mbili ambapo nafasi hubadilishwa kwa nafasi, na mfumo huo umedumu. Kama usawa wa namna hiyo hauwezekani kwenu, ningebadilisha ombi: nafasi moja kati ya zile mbili apewe mkufunzi. Mwalimu mmoja akikaa miezi mitatu kwenye kitengo cha watoto njiti, kisha akarudi darasani, anafundisha makundi yote yanayofuata mpaka atakapostaafu.

Jambo la uhamaji lisemwe kwa uwazi pia. Mwaka 2010 nchi wanachama wa WHO zilipitisha Kanuni ya hiari kuhusu uajiri wa kimataifa wa wahudumu wa afya. Kanuni hiyo inatambua haki ya mtu kuhama, na wakati huohuo inazitaka nchi zisiwawinde wahudumu kwenye mataifa yenye upungufu mkubwa. Orodha ya WHO ya mataifa hayo ilikuwa na nchi 55 mwaka 2023. Mwanafunzi wako ana haki ya kutafuta maisha popote, na wala usimfanye ajione msaliti. Lakini chuo kijue kama mshirika wake ana mkono kwenye ofisi ya ajira. Ulizeni, na jibu liandikwe.

Ipo mifano ya ushirikiano uliofanikiwa, na mara nyingi ukiuchunguza unakuta mtu amekaa. Chuo Kikuu cha Moi cha Kenya na Indiana University ya Marekani walianza kushirikiana mwishoni mwa miaka ya 1980. Indiana iliweka mhadhiri wake aishi Kenya na kufanya kazi wodini mwaka mzima, na wanafunzi wa Moi nao walikwenda Indiana. Mpango wa MEPI, ulioanzishwa na serikali ya Marekani mwaka 2010 kwa takriban dola milioni 130 kwa miaka mitano, ulichukua njia ya fedha: ruzuku zilikwenda moja kwa moja kwa vyuo vya udaktari 13 katika nchi 12 za Afrika, na vyuo hivyo ndivyo vilivyochagua washirika wa nje. Anayeshika fedha ndiye anayepanga ajenda, hata pale ambapo hati inasema wote ni sawa. Rwanda, kuanzia mwaka 2012, wizara ya afya ilishika hatamu na kuwafunga jozi wakufunzi wa vyuo vya Marekani na wakufunzi wa nchi. Naipenda sana fikra ya jozi. Ila ninavyoona mimi, jozi hufa pale mwenyeji anapobaki na mzigo wake wote wa wagonjwa huku mgeni akiwa na siku nzima ya kufundisha, kwa sababu hawakutani. Mkiomba mkufunzi mgeni aje na wanafunzi wake, na nashauri mwombe, basi zamu za mwenyeji wake zipunguzwe kwenye ratiba, na pengo lijazwe kwa fedha za mshirika. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema, na hapa kupona kuna maana ya saa kadhaa kwa wiki zilizoandikwa kwenye ratiba.

Kama chuo kikuu kitasema hakina fungu la kulipia haya, kuna njia nyepesi zaidi ya kuanza nayo. Mwaka 2003, daktari Sanjeev Arora wa University of New Mexico alianzisha mpango wa ECHO. Wahudumu wa vituo vya mbali walikutana na mabingwa kwa video, wakijadili wagonjwa wao halisi wa homa ya ini aina ya C. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kuwa waliopona kwenye vituo vya mbali walikuwa asilimia 58.2, na kwenye kliniki ya chuo kikuu asilimia 57.5. Wale walikuwa wahudumu kazini, sio wanafunzi, lakini muundo wake unahamishika: kikao cha kesi moja kila wiki mbili, wanafunzi wenu wakileta kesi, wao wakileta yao, walimu wa pande zote wakisikiliza. Hakuna anayepanda ndege, na saa zinazotumika ni chache na zinajulikana.

Nije kwenye maabara. Wapo wanaodhani kila kampuni ni adui wa elimu, na mimi simo. Mdoli wa kufundishia kuokoa uhai, Resusci Anne, ulitoka mwaka 1960 kwenye kiwanda cha Åsmund Lærdal, Mnorwe aliyekuwa mtengenezaji wa midoli ya watoto, kwa ushirikiano na madaktari akiwemo Peter Safar. Bila ufundi wake, madaktari wangebaki na maelezo kwenye karatasi. Mwaka 2010 taasisi ya kampuni hiyo iliungana na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, WHO na wengine kwenye mafunzo ya Helping Babies Breathe, ya kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kupumua. Mdoli wake ni rahisi. Unajazwa maji upate uzito wa kichanga, na mkufunzi akibinya kipira kidogo, mapigo yanasikika kwenye kitovu. Utafiti kutoka hospitali nane za Tanzania, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47 baada ya mafunzo hayo kuanza. Hiyo ni kazi ya kiwanda na walimu wakiwa pamoja, na ni jambo la kushukuru.

Lakini mkuu wako asiishie hapo, kwa sababu hadithi inaendelea. Katika hospitali ya Haydom, Tanzania, watafiti waliwapa wahudumu mafunzo ya siku moja kwa mdoli huohuo. Miezi saba baadaye walifanya vizuri zaidi mbele ya mdoli, ila leba, mbele ya mtoto halisi, utendaji ulikuwa haujabadilika ipasavyo. Mabadiliko yalikuja hospitali ilipoanzisha mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale wodini. Mdoli ulikuwa uleule. Kilichoongezeka ni saa za mtu wa kusimama na wenzake na kurudia, tena na tena.

Maabara za ujuzi zilizokufa hufanana. Unafika, mlango umefungwa, ufunguo uko kwa mtunza stoo, na mtunza stoo ana likizo. Ukifunguliwa unakuta mdoli mkubwa wa kujifungulia bado una nailoni ya kiwandani kifuani. Mkono wa kufundishia kuchoma mishipa umetobolewa mpaka ngozi yake ya mpira imechanika, na ya kubadilisha inauzwa na kampuni peke yake. Kompyuta inayoendesha mdoli inadai leseni iliyokwisha muda. Bango lenye jina la mfadhili liko safi kabisa. Hali hii haiko kwenye vyuo tu. Uchambuzi wa watafiti Perry na Malkin wa mwaka 2011 ulikuta takriban asilimia 40 ya vifaa tiba kwenye mazingira yenye uhaba wa rasilimali vilikuwa havifanyi kazi.

Lile sharti moja nililolitaja mwanzo ni hili: kampuni ilipe, kwa angalau miaka mitatu, sehemu ya mshahara wa mkufunzi wa maabara atakayeajiriwa na chuo, anayewajibika kwa chuo, na ambaye kazi yake ni kuiweka wazi na kufundisha humo kila siku. Asiwe mfanyakazi wa kampuni wala mwakilishi wake wa mauzo. Kampuni ikisema inaweza kutoa midoli ila haiwezi kutoa mtu, basi inajenga chumba cha kupigia picha, na chumba hicho kitakula saa za walimu mlionao. Hapo ningeomba midoli michache ya bei nafuu ya kuweka pembeni ya wodi, na kuachana na jengo.

Masharti mengine ni ya kawaida ingawa husahaulika. Vipuri na vitu vinavyoisha viorodheshwe kwa jina pamoja na bei, na ijulikane nani atanunua mwaka wa pili. Leseni za programu zisiwe na mwisho, au mdoli ufanye kazi bila hizo. Fundi wa vifaa tiba wa hospitali yenu afundishwe kuitengeneza midoli hiyo, na apewe vitabu vya ufundi. Jina la kampuni kwenye mlango halinisumbui. Linanisumbua likiingia kwenye mtaala, kwenye mitihani, au kwenye sare za wanafunzi. Mwanafunzi ajifunze kutumia pampu ya dripu kwa kanuni zake, aweze kushika ya kampuni yoyote atakayoikuta kazini. Kipengele chochote kinachosema chuo kitatumia bidhaa za kampuni hii peke yake kifutwe. Na ulizia zabuni: kama kampuni hiyohiyo inagombea kuiuzia hospitali mashine au vitendanishi (kemikali za kupimia), saini isubiri mpaka zabuni iishe na mshindi atangazwe. Mashine hutolewa bure, kisha vitendanishi vyake vinanunuliwa kwa muuzaji mmoja kwa miaka. Msiruhusu jina la wanafunzi litumike kulainisha njia hiyo.

Kwa kikao chenyewe, usiende na hotuba. Chukua ratiba ya leba na wodi ya wazazi ya mwezi mmoja, uandike kila zamu ina wasimamizi wangapi na wanafunzi wangapi, kisha uongeze wageni kwa rangi nyingine. Mkunga kiongozi akae nawe mezani, yeye ndiye mwenye leba. Mkuu akiiona karatasi hiyo, swali litageuka lenyewe kutoka "tusaini?" kuwa "tuombe nini?", na hapo yeye mwenye uzoefu wa kuomba fedha atakuwa msaada wako mkubwa.

Hati mtakazosaini ziwe za mwaka mmoja, ziweze kurefushwa. Kabla ya kurefusha, wanafunzi wenu na wa kwao wajaze maoni bila majina, na mkunga kiongozi aandike yake kwa jina. Chuo kikuu kikikubali kila kitu isipokuwa malipo ya muda wa usimamizi, punguzeni wageni hadi idadi ambayo mkunga huyo atasema anaimudu bila mwanafunzi wenu kurudishwa nyuma. Akisema mmoja, aje mmoja.